Namna ya Kula Katika Karinderya, Mgahawa Mdogo wa Ufilipino

Katika karinderya, yaani mgahawa mdogo ambamo Wafilipino wengi hupata chakula chao cha mchana, mteja hakabidhiwi orodha ya vyakula mezani. Orodha ni sufuria zenyewe, zilizopangwa kwenye kaunta na vifuniko vyake juu, au ni sinia za bati zilizo nyuma ya kioo, na anayeagiza hunyoosha kidole. Kwa sababu hiyo mahali hapo huitwa pia turo-turo, kutokana na neno la Kitagalogi turo, kuonyesha kwa kidole, lililotajwa mara mbili kama sisi tunavyosema haraka haraka au pole pole. Mgeni aliyezoea mikahawa mikubwa ya Manila, yenye picha ya kila chakula na bei yake, huweza kusimama mbele ya sufuria hizo bila kujua aanzie wapi, akaishia kuchukua kuku wa kukaanga kwa kuwa ndicho kitu pekee anachokitambua. Nimeandika mwongozo huu ili msomaji anayesafiri kwenda Ufilipino, au anayeishi huko kwa kazi au masomo, asiondoke kwenye kaunta na kuku huyo peke yake.

Wali kwanza

Mlo wote umejengwa juu ya wali, na hapa msemaji wa Kiswahili anaingia akiwa na faida kubwa. Kitagalogi, kama Kiswahili, hakiridhiki na jina moja kwa nafaka hii: mpunga ni palay, mchele ni bigas, na wali ni kanin. Chochote kinacholiwa pamoja na wali, kiwe nyama, samaki, mayai au majani, huitwa ulam, na neno hilo linalingana karibu kabisa na kitoweo, au na mboga kwa maana ile ya mtu anayeingia nyumbani na kuuliza, "Leo mboga gani?" Watu wa lugha nyingine huhitaji maelezo marefu kabla ya kuelewa ulam ni nini, ilhali sisi tunalo neno lake tayari.

Kutokana na neno hilo kuna jambo la kuzingatia tangu mwanzo. Ulam haukupikwa ili uliwe wenyewe. Umekolezwa chumvi, siki au ukwaju kwa kiwango cha kubeba wali mwingi, hivyo anayekula adobo, nyama ya siki na sosi ya soya, bila wali ataona chumvi imezidi, na anayekunywa sinigang, mchuzi wa ukwaju, peke yake ataona meno yanakufa ganzi. Tena, kwa vyakula vingi, mpishi huacha sehemu ya mwisho ya ukolezaji mikononi mwa mlaji, ambaye hupewa siki, ndimu, pilipili na viungo vilivyochachushwa ili amalizie kazi mezani kwa kadiri ya ulimi wake. Ninaliona hili kuwa ndilo kiini cha kula katika karinderya, na sehemu kubwa ya maelezo yafuatayo inalizunguka.

Saa ya kwenda

Karinderya nyingi hupika mapema asubuhi, sufuria moja kwa kila chakula, na kikiisha kimeisha. Utasikia ubos na, maana yake kimekwisha, na hakuna atakayewasha jiko upya kwa ajili ya mteja mmoja. Saa tano asubuhi ndiyo saa ninayoipendelea, kwa kuwa sufuria zimejaa, chakula kingali cha moto, na foleni ya wanafunzi, wafanyakazi wa ofisi na madereva wa jeepney, daladala za huko, haijafika.

Ukichelewa hadi saa nane au saa tisa mchana bado utakula vizuri, mradi uchague kwa kufikiri. Adobo, ambayo ni nyama iliyochemshwa polepole katika siki, sosi ya soya, kitunguu saumu na pilipili manga nzima, hustahimili kukaa, na wapo wanaoshikilia kwamba huwa tamu zaidi ikilala. Chakula kilichotiwa tui la nazi, ambacho jina lake la jumla ni ginataan, huchacha upesi katika joto la nchi ile, nacho usikichukue mchana wa jua kali kama sufuria yake haiko motoni. Samaki wa kukaanga aliyekaa huwa mgumu lakini si hatari kama tui. Hayo ndiyo mambo ambayo mwenyeji huyapima kwa kutupa jicho moja tu.

Asubuhi mapema utaratibu ni mwingine, na vyakula huagizwa kwa majina yaliyounganishwa. Sinangag ni wali wa jana uliokaangwa kwa kitunguu saumu, itlog ni yai, na vikiwekwa pamoja huwa silog. Ukiongeza tapa, yaani nyama ya ng'ombe iliyolowekwa kwenye viungo na kukaangwa, ni tapsilog. Ukiongeza longganisa, soseji ya kienyeji, ni longsilog. Ukiongeza bangus, samaki ambaye kwa Kiswahili anaitwa mwatiko, ni bangsilog. Ukishajua mkia wa neno, kichwa chake kinakuambia kitoweo.

Kuita na kuitikia

Anayehudumu huitwa kwa jina la udugu. Mwanamke anayekuzidi umri kidogo, au ambaye unataka tu kumpa heshima, ni Ate, dada mkubwa; mwanamume ni Kuya, kaka mkubwa; na mama mwenye mgahawa, akiwa wa rika la mzazi wako, ni Nanay. Hilo halihitaji kufundishwa kwa mtu aliyekua akimwita muuza mboga mama na kondakta kaka. Kinachohitaji mazoezi ni po, kineno kifupi kinachopachikwa ndani ya sentensi ili kubeba heshima, kana kwamba shikamoo imekatwa vipande vidogo na kusambazwa katika mazungumzo yote badala ya kutolewa mara moja mwanzoni. Sema Ate, ano po ang ulam ngayon?, "Dada, leo kuna kitoweo gani?", na hata kama matamshi yako yana kasoro, ile po itasikika na kupokelewa.

Majibu mengine hayatoki kwa mdomo. Mtu akiinua nyusi mara moja na kukutazama, amekubali. Akisogeza midomo mbele kuelekea upande fulani, anakuonyesha mahali, pengine meza iliyo wazi au chombo cha vijiko. Wapo wateja wanaoita kwa kupiga psst, nawe utaisikia mara nyingi, lakini mgeni anapendeza zaidi akisema Ate au Kuya.

Ukipita kando ya meza ya watu wanaokula, mmoja wao anaweza kukuambia Kain po tayo, "Tule." Ni ile karibu chakula yetu: anayeitoa ametimiza adabu, na anayeipokea hushukuru akaendelea na njia yake. Jibu Salamat po, busog pa po ako, yaani "Asante, bado nimeshiba," na usiipite kimya kama vile hukuisikia.

Mbele ya sufuria

Katika karinderya nyingi mteja hufunua sufuria mwenyewe, na hakuna anayekasirika. Shika kifuniko, kiinamishe juu ya sufuria ili matone ya mvuke yarudi ndani yasimwagikie kaunta, tazama, kisha ufunike kabla ya kufungua nyingine. Upawa ni wa mwenye mgahawa. Usikoroge wala usijipakulie isipokuwa ukiambiwa. Kama wapo watu nyuma yako, tazama sufuria tatu au nne, kisha amua.

Kanuni yangu ni kutafuta ladha zinazojibizana. Mtu mmoja anatosheka na kitoweo kimoja na nusu ya kingine, na nusu hiyo huombwa kwa kusema kalahati lang po. Nikichukua kitu kikavu, kama samaki wa kukaanga, natafuta chenye mchuzi. Nikichukua chenye mafuta, natafuta chenye uchachu au uchungu. Watu watatu hufanya vizuri zaidi, kwa sababu vitoweo vinne hukaa katikati na kila mmoja akawa na wali wake, jambo ambalo ndilo hasa vyakula hivi vilipikiwa.

Anza na sinigang, mchuzi mwembamba wenye uchachu wa sampalok, ambao ni ukwaju wetu, uliopikwa kwa nguruwe, samaki au kamba pamoja na figili, bilinganya na majani ya kangkong. Unaposhindwa kuamua katika siku ya joto, hiyo ndiyo ya kuchukua, kwani uchachu huamsha hamu ambayo jua limeiua. Tinola ni kinyume chake kwa upole: kuku, tangawizi, papai bichi na malunggay, majani ya mlonge, katika mchuzi mweupe ambao ningempa mtu yeyote mwenye mafua. Laing ni majani ya majimbi yaliyopikwa katika tui mpaka yakawa mazito na meusi kidogo, chakula cha eneo la Bicol ambako nazi na pilipili hutumiwa kwa ukarimu, kwa hiyo uliza ukali wake kabla. Pinakbet ni bilinganya, bamia, boga, kunde ndefu na karela vilivyokolezwa kwa bagoong, rojo la uduvi au samaki waliochachushwa kwa chumvi, na anayeogopa uchungu wa karela anaweza kumwomba Ate ampakulie upande wenye boga zaidi. Nimeona ombi hilo likitimizwa bila hata kuulizwa sababu.

Ukifika siku ya Ijumaa, tarajia munggo, choroko zilizopikwa mpaka zikavurugika na kutiwa majani mabichi mwishoni. Wakatoliki, ambao ni wengi wa wananchi, hujizuia na nyama siku za Ijumaa za Kwaresima, na kutokana na desturi hiyo choroko zimekuwa chakula cha Ijumaa katika karinderya nyingi mwaka mzima. Ni chakula cha bei nafuu, na ndicho ninachokipendekeza kwa mtu anayetaka kujua mpishi ana mkono gani, kwa maana choroko hazina mahali pa kuficha uvivu.

Nguruwe na damu

Hapa panahitaji uangalifu wa kweli kwa msomaji Mwislamu, na pia kwa yeyote asiyekula nguruwe kwa sababu nyingine. Nguruwe, baboy, haishii katika vyakula vinavyomtangaza. Vipande vyake hutiwa ndani ya pinakbet, laing na tambi za pancit. Nyama yake ya kusaga hujaza lumpia, vitafunio vya kuviringishwa vinavyofanana na sambusa. Ngozi yake iliyokaangwa hunyunyizwa juu ya choroko. Na adobo moja yaweza kuwa na kuku na nguruwe katika sufuria ileile. Kwa hiyo swali "Je, hii ni mboga za majani?" halitoshi, kwa kuwa jibu la ndiyo linaweza kuwa la kweli na nyama ikawemo. Uliza moja kwa moja: May baboy po ba ito?, "Je, hii ina nguruwe?", na utangulize maelezo Hindi po ako kumakain ng baboy, "Mimi sili nguruwe." Hata ukijibiwa vizuri, kumbuka kwamba upawa na mafuta ya kukaangia huenda vimetumika kwa kila kitu.

Dinuguan ni kitoweo kizito cheusi cha nyama na matumbo ya nguruwe yaliyopikwa kwa damu na siki. Wenyeji wengine humwambia mgeni kuwa ni nyama ya chokoleti, nao hufanya hivyo kwa kucheka, lakini ukishajua kwamba dugo ni damu, jina lenyewe linakutahadharisha. Kuikataa si kumvunjia mtu heshima. Waumini wa Iglesia ni Cristo, kanisa lililosajiliwa huko Ufilipino mwaka 1914, hawali damu, kwa hiyo mwenye karinderya amekwisha kusikia kukataliwa huko mara nyingi kutoka kwa majirani zake mwenyewe.

Anayetaka kula bila wasiwasi atafute karinderya za Waislamu. Jijini Manila zipo katika mtaa wa Quiapo, kuuzunguka Msikiti wa Dhahabu uliojengwa mwaka 1976, na upande wa kusini, katika kisiwa cha Mindanao na visiwa vya Sulu, ni za kawaida. Huko mgeni hukutana na upishi ambao wageni wengi wa Manila hawaufahamu kabisa. Wamaguindanao hufunga wali katika jani la mgomba pamoja na nyama ya kuku iliyochambuliwa, na hiyo huitwa pastil. Watausug hupika tiyula itum, mchuzi wa ng'ombe ambao weusi wake hutokana na nazi iliyochomwa mpaka ikawa makaa. Wamaranao huweka mezani palapa, mchanganyiko wa vitunguu vya majani, tangawizi, nazi na pilipili, ambao kijiko kimoja cha chai kinatosha sahani nzima ya wali kwa mtu asiyeuzoea.

Mezani

Vijiko na uma aghalabu husimama ndani ya chombo cha maji ya moto. Vitoe kwa mpini na uvipanguse kwa karatasi. Usishangae sahani ikiletwa imevishwa mfuko mwembamba wa plastiki. Ni namna ya kupunguza maji ya kuoshea, na wali huwekwa juu ya plastiki hiyo. Kisu hakiwekwi. Kijiko hushikwa kwa mkono wa kulia na uma kwa mkono wa kushoto. Uma huishikilia nyama, ukingo wa kijiko huikata, kisha uma husukuma wali na kitoweo mpaka vikae pamoja kwenye kijiko, na kijiko ndicho kinachoingia kinywani. Mtu aliyelelewa kutumia kijiko peke yake hujifunza hili kwa mlo mmoja. Kula kwa mkono, kamayan, kunakubalika kabisa, hasa kwa samaki wa kuchoma na kaa, na mtu anayejua kumega tonge atahisi yuko nyumbani, ingawa Wafilipino hawafinyangi wali kiganjani: huubana kwa ncha za vidole na kuusukuma kinywani kwa kidole gumba.

Sasa ndipo kazi ya mlaji inapoanza. Mezani utakuta chupa: suka, siki, ambayo mara nyingi ina pilipili na punje za kitunguu saumu zinazoelea ndani yake, toyo, sosi ya soya, na patis, maji ya samaki waliochachushwa kwa chumvi, ya rangi ya chai nyepesi na harufu kali inayotulia ikishakutana na chakula. Ukiomba, utapewa calamansi, ndimu ndogo za mviringo zisizozidi gololi kubwa, na siling labuyo, pilipili fupi kali sana. Mchanganyiko unaoutengeneza mwenyewe kutokana na vitu hivyo huitwa sawsawan, na chombo chake ni kisahani kidogo unachokiomba kaunta. Usimimine chupa juu ya chakula. Changanya kisahani chako, onja kwa ncha ya kijiko, rekebisha, ndipo uchovye.

Samaki wa kukaanga hutaka siki yenye kitunguu saumu na pilipili, kwani siki hukata mafuta. Nyama ya kuchoma hutaka siki na sosi ya soya kwa pamoja. Sinigang hutaka patis kidogo iliyopondewa pilipili moja, si ya kumimina ndani ya bakuli bali ya kuchovya nyama iliyotolewa kwenye mchuzi, maana chumvi ikiingia kwenye mchuzi wote uchachu wa ukwaju hufifia. Pancit hutaka calamansi tu. Ikate juu kidogo, kisha ukamue sehemu iliyokatwa ikiwa imeelekea juu, ili maji yatiririke pembeni na mbegu zibaki.

Chakula kinachofundisha jambo hili kuliko vyote ni kare-kare. Ni mkia wa ng'ombe na utumbo, pamoja na bilinganya na kunde ndefu, katika mchuzi mzito wa karanga zilizosagwa. Uonje kwanza peke yake: ni laini, una utamu wa mbali, na ni chapwa. Wageni wengi huishia hapo wakasema mpishi amesahau chumvi. Pembeni, hata hivyo, kimewekwa kisahani cha bagoong, uduvi waliochachushwa kwa chumvi mpaka wakawa rojo la rangi ya zambarau iliyofifia. Chukua bagoong kiasi cha ncha ya kijiko, uiweke juu ya wali na si ndani ya mchuzi, ongeza kipande cha nyama kilicholowa karanga, kisha ule vyote kwa mkupuo mmoja. Karanga hutulia, chumvi ya bahari hupanda, na wali hushika vyote viwili. Chakula kimekamilika ndani ya kijiko chako, si ndani ya sufuria, na kama mpishi angeutia mchuzi chumvi ya kutosha tangu jikoni, bagoong isingekuwa na kazi na mlo ungeharibika.

Kuna fadhila moja ambayo wageni wengi huikosa kwa kutojua kuiomba. Sema Pahingi po ng sabaw, "Naomba mchuzi," na katika karinderya nyingi utaletewa kibakuli cha supu nyepesi bila malipo, kwa kuwa umenunua wali na kitoweo. Niliwahi kukaa meza moja na fundi ujenzi aliyenunua sahani mbili za wali na nusu ya choroko, akaomba sabaw, akamimina nusu yake juu ya wali, akadondosha patis matone matatu, akakamua calamansi moja, akala taratibu mpaka punje ya mwisho. Alikuwa amejipikia chakula cha pili mezani, na Nanay aliyekuwa kaunta alimwongezea mchuzi kabla hajaomba tena. Omba kwa adabu, wala usiombe kama umenunua maji tu.

Mkila kwa kushirikiana, kipande cha mwisho katika sahani ya katikati kitabaki kimekaa, kwani kila mtu huona haya kukichukua. Usikiwahi. Subiri mtu mkubwa akuambie ule, au umpakulie yeye.

Kuhusu kinywaji, maji ya mtungi mara nyingi hutolewa bure, lakini tumbo geni ni vyema linunuliwe maji ya chupa. Ukihitaji choo, uliza kwa herufi mbili, CR, kama wenyewe wanavyokiita. Katika vibanda vidogo huenda hakipo.

Nje ya Manila

Nchi yenye visiwa 7,641 haiwezi kuwa na karinderya ya aina moja. Cebu watu husema Kisebuano, ambacho hakitumii po. Bei huulizwa pila, na chakula kitamu husifiwa lami badala ya masarap. Wali huko huuzwa ukiwa puso, umechemshwa ndani ya kifuko kilichosukwa kwa majani ya mnazi, nao huhesabiwa kwa vifuko. Mwambie muuzaji idadi, akupasulie kwa kisu, nawe ule kwa mkono. Iloilo usiondoke bila kula batchoy ya La Paz, tambi katika mchuzi wenye maini na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa, na Bacolod uliza kuku wa kuchoma aitwaye inasal. Pampanga inajivunia sisig, nyama ya kichwa cha nguruwe iliyokatwakatwa ndogo na kuletwa ikiwa bado inachemka kwenye sahani ya chuma. Ilocos, kaskazini, hupika papaitan, matumbo ya mbuzi yaliyotiwa nyongo, na anayependa supu ya mbuzi ya kawaida aanze na kibakuli kidogo, kwa sababu uchungu wake ni wa makusudi.

Kulipa na kufungasha

Kuna karinderya zinazolipisha unapopakuliwa na nyingine unapomaliza, tazama aliyekutangulia. Ikiwa ni mwishoni, usiruhusu sahani zako ziondolewe kabla hujahesabiwa, kwa kuwa mara nyingi hesabu hufanywa kwa kuziangalia. Uliza Magkano po lahat?, "Yote ni kiasi gani?", na utege sikio vizuri, kwa sababu bei hutajwa kwa majina yaliyobaki kutokana na utawala wa Wahispania wa kuanzia 1565 hadi 1898. Singkwenta ni 50, sisenta ni 60, sitenta ni 70, otsenta ni 80, nobenta ni 90. Sikio la Mswahili hupotoka hapo kwenye sitenta, ambayo inafanana na sitini na kumbe ni sabini. Nimewahi kulipa pungufu ya peso 10 kwa kosa hilo, na nikaitwa kwa upole kutoka mlangoni.

Beba noti ndogo na sarafu, barya. Noti ya peso 1,000 asubuhi inaweza kumfanya muuzaji azunguke kwa majirani akitafuta chenji, nawe ukae ukingoja. Karinderya nyingi siku hizi hupokea pesa kwa simu kupitia GCash, na utaona msimbo wake umebandikwa ukutani, lakini usiutegemee peke yake. Bakshishi haidaiwi; ukiacha sarafu za chenji, zitapokelewa kwa shukrani. Katika kundi la marafiki, mtu akisema KKB amemaanisha kila mmoja ajilipie, na akisema libre ko, yeye ndiye mwenye kulipa, basi mwache alipe, nawe uitafute zamu yako siku nyingine.

Kama umebakiza, au umependa kitu ambacho tumbo limekataa kukipokea, sema Pabalot po, "Naomba unifungie." Wali huingia katika mfuko mmoja na kitoweo katika mwingine, na hata sinigang humiminwa kwenye mfuko wa plastiki mwangavu, ukapulizwa hewa kidogo na kufungwa fundo gumu juu. Mwambie Ate akutilie na calamansi mbili. Ubebe mfuko huo kwa fundo lake na usiukumbatie, kwa maana mchuzi uliofungwa hivyo hubaki wa moto kwa muda mrefu, na ukifika kwako utoboe pembe moja ya chini juu ya bakuli badala ya kuhangaika na fundo, ambalo mara nyingi halifunguki.